Bukoba hadi Mtwara kwa ndege: umbali, saa za angani na maswali ninayoulizwa kila mwezi

Mimi ni mwalimu Mtwara, na kwetu ni Kamachumu, mkoani Kagera. Nimevuka nchi hii kutoka kona moja hadi nyingine mara nyingi kiasi kwamba ndugu, wanafunzi wa vyuo na watumishi wanaopata uhamisho wananipigia simu kabla ya kukata tiketi. Maswali ni yaleyale. Nimeyaandika hapa na majibu yake, kwa sababu najua mtu akikosea hesabu ya safari hii anaweza kukosa jambo ambalo halirudi tena.

Kutoka uwanja wa ndege wa Bukoba hadi wa Mtwara ni kilomita ngapi?

Kwa mstari ulionyooka angani ni kama kilomita 1,363. Kwa maili za nchi kavu ni 847 hivi, na kwa maili za baharini, zile wanazotumia marubani, ni 736. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852.

Ili upate picha: kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kwa ndege ni kama kilomita 668. Kwa hiyo Bukoba na Mtwara, miji miwili ya nchi moja, imeachana mara mbili ya umbali wa Dar na Nairobi.

Mbona mtandaoni napata namba tofauti tofauti?

Kuna sababu tatu za kawaida. Ya kwanza, tovuti nyingine hupima kutoka katikati ya mji na nyingine kutoka uwanjani. Uwanja wa Bukoba uko mjini kabisa, pembeni ya ziwa, lakini wa Mtwara uko nje kidogo ya mji, na hapo tayari kilomita chache zimeongezeka au zimepungua. Ya pili ni maili: mtu anasoma 736 akidhani ni kilomita, anafurahi kwamba safari ni fupi. Ya tatu, wengine wanatoa umbali wa barabara, ambao ni habari nyingine kabisa na nitaufikia.

Ukitafuta, tumia alama za viwanja badala ya majina ya miji. Bukoba ni BKZ na Mtwara ni MYW. Ukiandika hizo hutachanganyiwa.

Je, kuna ndege inayokwenda moja kwa moja?

Hapana. Hakuna ndege ya abiria ya ratiba inayoruka Bukoba na kutua Mtwara bila kupitia mahali pengine. Utapitia Dar es Salaam, na wakati mwingine Mwanza pia.

Watu wengi wakisikia hivyo husikitika, wakidhani Dar inawazungusha sana. Nilidhani hivyo mimi mwenyewe kwa miaka mingi, mpaka siku moja nilipokaa na ramani na rula nikapiga hesabu. Bukoba hadi Dar ni kilomita 1,025. Dar hadi Mtwara ni 400. Jumla 1,425. Ukitoa ule mstari ulionyooka wa 1,363, Dar inakuongezea kilomita 62 tu. Ndege ya pangaboi, yaani ile ya mapanga yanayozunguka, inazimaliza hizo kwa dakika saba hivi.

Hata Mwanza haikuzungushi. Bukoba hadi Mwanza ni 175, Mwanza hadi Dar ni 852, jumla 1,027. Kilomita mbili tu zaidi ya kuruka Bukoba hadi Dar moja kwa moja! Kinachoongezeka ukipitia Mwanza ni muda wa kushuka, kushusha watu, kupakia wengine na kupaa upya.

Naomba ulishike hili kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu ndilo linalojibu nusu ya maswali mengine yote: katika safari hii njia haikucheleweshi. Kinachokula siku yako ni kusubiri chini.

Kama ingekuwepo ndege ya moja kwa moja, ingechukua muda gani?

Inategemea ndege. Ile pangaboi aina ya ATR huenda kama kilomita 510 kwa saa ikishatulia angani. Ukiongeza dakika za kupaa na za kushuka, safari ingekuwa karibu saa tatu. Dash 8-400, ambayo watu tumezoea kuiita bombadia, ina kasi zaidi: ingekaribia saa mbili na nusu. Jeti kama Airbus A220 ingetumia saa mbili hivi, ila jeti haitui Bukoba. Zile ndogo za Cessna Caravan za kukodi zingehitaji saa nne hadi tano, na huenda zikalazimika kutua njiani.

Mstari huo ulionyooka unapita wapi?

Swali hili aliniuliza mwanafunzi wangu wa kidato cha pili na tukalifanya somo zima la jiografia. Weka rula kwenye ramani ya Tanzania, ncha moja Bukoba, nyingine Mtwara. Mstari unavuka ziwa na kupita juu ya jiji la Mwanza. Unashuka pembeni ya Singida, unaingia katikati ya Kondoa na Dodoma, unakaribia kabisa mji wa Kilosa, halafu unapita karibu juu ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji. Mwishoni unaigusa Lindi kwa mbali kidogo na kutua Mtwara.

Yule mtoto alipoona rula imelala juu ya bwawa alisimama. "Mwalimu, kumbe kwenu na kwetu tunagawana umeme njiani." Nimekumbuka maneno yale kila ninaposafiri.

Sasa kwa ndege zilizopo, saa za angani ni ngapi?

Bukoba hadi Dar moja kwa moja kwa bombadia ni saa mbili hivi. Kwa ATR ni saa mbili na dakika ishirini. Ukipitia Mwanza, kipande cha Bukoba hadi Mwanza ni dakika 40 mpaka 45, yaani ndege haijakaa sawa angani imeshaanza kushuka. Mwanza hadi Dar kwa jeti ni kama saa moja na nusu, kwa pangaboi ni karibu saa mbili.

Dar hadi Mtwara kwa pangaboi ni saa moja au inazidi kidogo. Kwa jeti ni dakika 50 hivi.

Jumla, ukiwa angani kweli, ni saa tatu hadi saa tatu na nusu.

Basi nikiondoka asubuhi Bukoba, mchana niko Mtwara?

Hapa ndipo ninapoomba unisikilize, kaka, dada.

Saa tatu za angani zinakuwa saa tisa za safari, hata siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Unatakiwa ufike uwanjani mapema, tuseme saa mbili kabla. Unaruka kwa muda wa saa mbili. Unafika Dar, unasubiri ndege ya Mtwara, na kusubiri huko kunaweza kuwa saa tatu, nne, au mpaka kesho yake, kwa sababu ndege za Mtwara kwa siku ni chache. Unaruka kwa muda wa saa moja. Unatoka nje na begi lako. Siku imeisha.

Na hiyo ni siku njema. Nitasema la kwangu. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa Mtwara. Nilipata tiketi ya kesho yake asubuhi hadi Dar kwa kampuni moja, na ya Dar hadi Bukoba kwa kampuni nyingine, tofauti ya saa moja na nusu kati ya kutua na kuruka. Niliona inatosha, nikawaambia nyumbani wanisubiri. Ndege ya kwanza ilichelewa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, hakuna aliyetuambia lolote kwa saa mbili. Nilipotua Dar nilikimbia na begi mkononi mpaka kaunta, dada wa pale akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi na khanga yangu, akasema kwa upole, "Mama, imeshafungwa. Ile kule inatembea." Niliiona kupitia kioo ikisogea. Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili za kampuni mbili, hakuna aliyewajibika kwangu. Nilifika Kamachumu siku mbili baadaye, kaburi limeshajengewa udongo. Kampuni siitaji na wala sina kesi nayo. Nalisimulia kwa ajili ya yule anayetaka kufanya hesabu niliyoifanya mimi.

Niache muda gani kati ya ndege moja na nyingine pale Dar?

Kama tiketi zote ni za kampuni moja na zimeandikwa kwenye namba moja ya uhifadhi, saa mbili zinatosha. Ndege ya kwanza ikichelewa, wao wenyewe ndio wenye jukumu la kukupangia nyingine.

Kama ni tiketi mbili tofauti, acha saa nne kwenda juu. Kama unawahi msiba, harusi, usaili wa kazi au mtihani, usiunganishe siku hiyohiyo kabisa. Lala Dar, au ondoka siku moja kabla. Gharama ya chumba cha kulala ni ndogo kuliko utakachokikosa.

Pia angalia jengo. Ndege za ndani za kampuni kubwa hutumia Jengo la Pili la Uwanja wa Julius Nyerere. Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti 2019, ni la safari za nje. Ndege nyingi ndogo hutumia Jengo la Kwanza, na hilo liko mbali na mengine, huwezi kwenda kwa mguu ukiwa na mizigo. Soma tiketi yako, na ukishindwa kuelewa piga simu uulize.

Mzigo wangu utafika Mtwara wenyewe au niuchukue Dar?

Kwenye tiketi moja, muulize mtu wa kaunta pale Bukoba ana kwa ana, kabla begi halijaondoka kwenye mizani: "Limeandikwa mpaka Mtwara?" Tazama karatasi wanayoifunga kwenye mpini. Ikiwa imeandikwa MYW, linakwenda hadi mwisho. Ikiwa imeandikwa DAR, utalichukua Dar, utatoka nalo nje na kulipeleka kaunta upya. Kwenye tiketi mbili, daima hesabu kwamba utalichukua Dar.

Tiketi imeandikwa 07:00. Ni saa ngapi hiyo?

Ni saa moja asubuhi. Nimeiweka peke yake kwa sababu imewaumiza wengi, hasa wazazi wetu.

Tiketi hufuata saa zinazoanza usiku wa manane, wakati sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Toa sita na utapata saa yetu; namba isipozidi sita, ongeza sita badala ya kutoa, na jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. 06:15 ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. 12:40 ni saa saba kasoro dakika ishirini mchana. 18:05 ni saa kumi na mbili na dakika tano jioni. 00:30 ni saa sita na nusu usiku, na hapo angalia sana tarehe: usiku wa kuamkia siku iliyoandikwa ndio wenyewe, wala sio usiku wa siku hiyo.

Baba yangu mdogo alikatiwa tiketi ya 07:00 na mwanaye aliyeko Dar. Alisoma saba, akaelewa saa saba mchana. Alifika uwanja wa Bukoba saa tano asubuhi, amevaa koti lake la kanisani, na kapu la ndizi limefungwa kamba. Mlinzi ndiye aliyemweleza. Alikaa chini ya mti pale nje akanipigia simu, na hakulaumu mtu, alisema tu, "Mwanangu, si mngeniandikia kwa maneno?" Tangu siku hiyo kila tiketi ninayomkatia mzee naiandika kwa mkono wangu: saa moja kamili asubuhi, uwe uwanjani saa kumi na moja alfajiri. Nifanyie hisani, ufanye hivyo kwa wazee wako.

Kuna tofauti ya saa kati ya Bukoba na Mtwara?

Saa ya ukutani ni ileile, nchi nzima ina saa moja. Jua ndilo lenye tofauti. Mtwara iko mashariki zaidi kwa nyuzi nane na kitu, na kila nyuzi moja ni dakika nne, hivyo kwa wastani jua la Mtwara linatangulia la Bukoba kwa dakika 33 hivi. Mtu wa Bukoba akihamia Mtwara atashangaa jinsi giza linavyowahi. Ukiwa unapokea mgeni wa ndege ya jioni Mtwara, kumbuka hilo kama unakwenda naye kijijini kwa pikipiki.

Kwa nini jeti inatua Mtwara na haitui Bukoba?

Njia ya kurukia. Ya Mtwara ilirefushwa hadi mita 2,800 wakati wa ukarabati, na uwanja uko karibu na usawa wa bahari, juu kidogo ya mita 100. Ya Bukoba ni kama mita 1,500, na uwanja uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, mabawa hayapati mshiko uleule, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kwa hiyo uwanja wa juu ndio ungehitaji njia ndefu, nao ndio wenye fupi. Upande mmoja kuna maji, upande mwingine kuna mji na vilima vinavyoinuka nyuma yake, hivyo hata kuurefusha si kazi rahisi.

Pangaboi zimetengenezwa kwa viwanja vya namna hiyo. Ukisikia mtu anasema pangaboi ni ndege ya zamani, mwambie ndiyo pekee inayoweza kumfikisha Bukoba ikiwa na watu sabini.

Kwenda na kurudi ni muda uleule?

Karibu sawa, upepo ndio unaotofautisha. Tuchukue pangaboi ya kilomita 550 kwa saa kati ya Bukoba na Dar. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiipiga usoni, inakawia dakika tisa hivi. Ukiisukuma nyuma, inawahi kwa dakika nane hivi.

Pwani yetu ina kusi na kaskazi, na mabaharia wa Mikindani na Kilwa waliziishi pepo hizo kabla ya ndege yoyote. Kusi huvuma kutoka kusini katikati ya mwaka, basi ndege ya kutoka Dar kuja Mtwara huipokea usoni. Kaskazi ikishika, kuanzia mwisho wa mwaka, inakusukuma kuja kusini. Kwa kipande cha kilomita 400 ni suala la dakika chache, wala usibadilishe mipango yako kwa hilo.

Asubuhi Bukoba kuna mvua na mawingu mara nyingi. Ndege itaruka?

Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Usiku hewa baridi ya nchi kavu hutiririka kuelekea ziwani, ambako maji bado yana joto, na mawingu ya radi hujijenga juu ya maji. Alfajiri mawingu hayo husukumwa kuja upande wa magharibi, yaani upande wetu. Ndiyo maana unaweza kuamka Bukoba na ngurumo, na ilipofika saa nne asubuhi jua linawaka.

Rubani akikataa kuondoka Mwanza au Dar mpaka Bukoba kutakate, au akizunguka juu ya ziwa akisubiri, au akarudi Mwanza kabisa, msimlalamikie. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, ndege aina ya ATR 42 iliyokuwa ikitaka kutua Bukoba iliangukia ziwani. Watu 43 walikuwa ndani na 19 walipoteza maisha. Wavuvi walikuwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Sisi wa Kagera tunawajua waliokuwemo, au tunamjua anayewajua. Tangu siku ile, ndege ikichelewa kwa ajili ya mawingu, mimi hukaa kimya nikashukuru.

Kama una nafasi ya kuchagua, chagua ndege inayofika Bukoba mchana kuliko ile ya asubuhi sana. Ni maoni yangu, na yametokana na kusubiri kwingi.

Barabarani ni umbali gani? Je, basi halifai?

Bukoba hadi Dar kwa barabara, kupitia Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, ni zaidi ya kilomita 1,400. Dar hadi Mtwara, kupitia Kibiti, Daraja la Mkapa, Nangurukuru na Lindi, ni kama 560. Jumla karibu kilomita 2,000, dhidi ya 1,425 za angani. Ni siku mbili hadi tatu, ukihesabu na kulala Dar. Nimesafiri hivyo na watoto wadogo. Inawezekana, na ukiwa na mizigo mingi ya kuhamia kazini ndiyo njia ya busara: mizigo iende barabarani, familia ipande ndege.

Wapo wanaochanganya. Treni ya reli ya kisasa (SGR) ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imepunguza uchovu wa kipande hicho. Wapo pia wanaoruka Dar hadi Mwanza, ambako ndege ni nyingi, kisha wanapanda meli ya MV Victoria usiku na kuamkia Kemondo au Bukoba. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata gari la Mwanza hadi Bukoba halisubiri tena kivuko. Wazee wengi bado hawataki kusikia habari ya meli kwa sababu ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Usiwalazimishe.

Ni kweli kuna viwanja vya nje vilivyo karibu zaidi kuliko Dar?

Kweli, na wengi hawaamini mpaka wapime. Kutoka Bukoba, Entebbe ni kilomita 168 tu, karibu kidogo kuliko Mwanza. Kigali ni 200. Upande wa Mtwara, Moroni ya Visiwa vya Komoro ni kilomita 362, wakati Dar ni 400. Maana yake mtu wa Mtwara yuko karibu na mji mkuu wa Komoro kuliko na Dar es Salaam. Lakini ukaribu wa ramani haukupi ndege. Anayekwenda ng'ambo akitokea Bukoba huenda akafaidika kupita mpaka wa Mutukula na kupandia Entebbe, akiwa na pasipoti. Kwa safari ya kwenda Mtwara haina maana.

Miezi gani nafasi zinakuwa ngumu?

Desemba, kwenda Bukoba, na wiki ya kwanza ya Januari kurudi. Watu wa Kagera wanarudi nyumbani Krismasi kutoka kila pembe. Kata tiketi mapema, Septemba au Oktoba kama unaweza. Upande wa Mtwara, kuanzia Oktoba korosho zinapoanza kuuzwa minadani, wanunuzi na watu wa maghala hujaza ndege.

Naruhusiwa kubeba senene? Samaki? Korosho?

Senene waliokaangwa na kukaushwa vizuri, kwenye kopo lenye kifuniko, sijawahi kukatazwa. Korosho hazina shida kabisa isipokuwa uzito. Samaki ni jambo jingine: sato au sangara awe amegandishwa, kwenye boksi lisilovuja, limezungushwa nailoni, na uulize kaunta kabla ya siku ya safari. Dagaa wakavu wafunge mara tatu, kwa heshima ya wenye mabegi mengine. Uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye tiketi, na pangaboi zinabana uzito kwelikweli, hasa zikiruka kutoka njia fupi ya Bukoba. Wakati mwingine mzigo huachwa na kuletwa kesho yake. Dawa na nyaraka zako zikae kwenye begi la mkononi.

Nahitaji kitambulisho gani?

Cha NIDA, pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura. Jina lifanane na la kwenye tiketi. Ukikatiwa tiketi na mtoto, mwambie aandike jina la kwenye kitambulisho, sio lile mnaloitana nyumbani.

Nikae upande gani ili nione nchi?

Kutoka Bukoba kuja Dar, kaa kulia. Utaliona ziwa wakati wa kupaa na, kukiwa na anga safi, mlima Hanang ukiwa umesimama peke yake. Kutoka Dar kuja Mtwara kaa kushoto, upande wa bahari: utaona kisiwa cha Mafia. Anayependa mto akae kulia aone delta ya Rufiji, vijito vyake vimejigawa kama vidole ndani ya mikoko, halafu Songo Songo na visiwa vya Kilwa. Kurudi, geuza.

Nikifika uwanja wa Mtwara nafikaje mjini?

Teksi na bajaji husubiri nje kila ndege inapotua. Ni kilomita chache tu, njia ina mikorosho pembeni. Patana bei kabla ya kupanda, na kama ndege ni ya jioni, waambie wenyeji wako wakufuate saa kumi na mbili, kwa sababu nilishasema, huku giza linawahi.